Riziki ya Mti Uliokufa: Uchambuzi juu ya Mbawakawa Bapa wa Ulaya

Katika wadudu wachache waliopata kutajwa kwa majina yao ndani ya hukumu ya mahakama kuu, yumo mbawakawa mmoja mwekundu wa Ulaya, mwenye urefu wa milimita 11 hadi 15 na mwili bapa mno, ambaye wanazuoni humwita Cucujus cinnaberinus, na ambaye maskani yake, tangu utoto hata utu uzima, ni uwazi mwembamba ulio baina ya gome na shina la mti uliokwisha kufa. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 umemwandika katika orodha ya wanyama wanaostahili hifadhi kali. Agizo la Makazi ya Viumbe la Umoja wa Ulaya, lililotolewa tarehe 21 Mei 1992, limemtia katika viambatisho viwili kwa pamoja, kimoja kikiamuru kwamba mahali anapoishi patengwe, na kingine kikiharimisha kuuawa kwake, kusumbuliwa kwake na kuharibiwa kwa mazalio yake popote aonekanapo.

Ulinzi huo ni wa insafu, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Walakini ndani yake mna mushkili ambao haujapata kutazamwa kwa kadiri unavyostahili. Sheria huandika mahali juu ya ramani, na mahali hukaa; mdudu huyu anaishi katika hali, na hali hupita. Mti umfaao leo hautamfaa baada ya miaka kadhaa, na ule atakaouhitaji wakati huo pengine leo ungali hai na majani yake mabichi, katika kiwanja ambacho hakuna aliyefikiri kukitenga. Kwa hiyo atakaye kumhifadhi hana budi kuhifadhi mfululizo wa mauti ya miti, mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, nalo ni jambo ambalo mabwana misitu wa Ulaya, kwa karne mbili na zaidi, walifundishwa kulipiga vita.

Na tuanze na umbo lake, kwa kuwa umbo ndilo linaloeleza mengine yote. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika elimu ya viumbe ni Giovanni Antonio Scopoli, tabibu wa wachimbaji wa zebaki katika mji wa Idrija, ulio leo katika nchi ya Slovenia, aliyetoa kitabu chake juu ya wadudu wa Carniola mwaka 1763. Kichwa cha mbawakawa huyu, kipana nyuma ya macho, kifua chake na mabawa yake magumu ya juu yana wekundu wa zinjifuri, ambayo ndiyo madini yenyewe yaliyokuwa yakitolewa katika machimbo ya Idrija, na miguu na vipapasio vyake ni vyeusi. Buu lake lina rangi ya kaharabu, pingili zake zimebapa, na mwishoni mwa mwili lina vijipembe viwili. Huishi chini ya gome muda usiopungua miaka miwili, likila na kujivua ngozi. Kisha katika majira ya joto hujitengenezea chumba kidogo kwa vipande vya nyuzi za mti, humo likawa pupa, na mwishoni mwa majira hayo mbawakawa kamili huzaliwa, lakini hatoki. Hungoja humo humo hata baridi yote ipite, akaonekana nje katika majira ya kuchipua, aghalabu baina ya Aprili na Juni, akitafuta mwenzi na mti mwingine. Haya yafahamike vema, maana mtu anaweza kuishi umri wake wote kando ya msitu ulio na maelfu ya viumbe hawa asimwone hata mmoja.

Mti unapokufa, utomvu wake husimama, na ule utando laini ulio baina ya gome na mti mgumu, ambao zamani ulikuwa ukipitisha chakula kutoka majanini hata mizizini, huanza kulowa na kuoza. Gome hulegea, na penye ulegevu huo hufunguka nafasi isiyozidi milimita chache, yenye unyevu na giza, iliyojaa kuvu, uozo na wadudu wengine wadogo. Hapo ndipo kiumbe bapa anapostawi, kwa kuwa kiumbe wa mviringo hawezi kupita. Juu ya chakula chake wataalamu wamebishana sana: wa zamani walisadiki kwamba buu ni mwindaji mtupu, kwa sababu ya taya zake zenye nguvu, na waliochunguza baadaye wamekuta kwamba hula pia utando ule uliooza pamoja na kuvu yake, hata ikawa ni karibu zaidi na kweli kumwita mla vyote kuliko kumwita mwindaji.

Ubapa huo umekwenda mbali kuliko Ulaya. Jamaa yake wa Amerika ya Kaskazini, Cucujus clavipes, huishi chini ya magome hata katika Alaska, na mwaka 2010 watafiti waliochunguza mabuu yake walieleza kwamba, baridi inapokaribia, hupunguza maji mwilini na kujijaza gliseroli na protini zizuiazo barafu, hata joto likishuka kiasi cha nyuzi 58 chini ya sifuri vimiminika vya mwili hugeuka kuwa vigumu mithili ya kioo pasipo kuganda barafu. Na baadhi yao walibaki hai baada ya kufikishwa nyuzi 100 chini ya sifuri. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna mbawakawa huyu mwekundu, lakini vile vidudu vidogo bapa vya rangi ya hudhurungi vinavyopenya baina ya punje za nafaka ghalani, vya jinsi ya Cryptolestes, ambavyo mtu hupata kuvichanganya na fukusi, zamani viliwekwa na wanazuoni katika ukoo huu huu wa Cucujidae kabla ya kutengwa katika ukoo wao, na wengi wa ndugu zao wangali wanaishi chini ya magome hata leo.

Jambo lenye uzito mkubwa kuliko yote katika habari hii ni muda. Mti uliokufa jana haufai, kwa kuwa gome lake lingali limeshika. Mti uliokufa zamani haufai, kwa kuwa gome limekwisha dondoka au utando umekauka ukawa vumbi. Kati ya hali hizo mbili pana kipindi, na katika mti laini kama mpopla, ambao ni miongoni mwa miti aipendayo zaidi, kipindi hicho ni cha miaka michache tu. Yeye hachagui sana jinsi ya mti, kwani amepatikana katika mialoni, katika mierebi, na hata katika miti ya jamii ya misonobari. Achaguacho ni saa ya kuoza kwake. Msitu wenye miti mia iliyokufa kwa pamoja katika tufani moja humpa neema kubwa kwa muda, kisha humwacha na njaa. Msitu unaofiwa na miti michache kila mwaka, bila kukoma, humpa riziki ya daima. Kwa mintarafu hiyo, kumwuliza bwana misitu ana mita ngapi za ujazo za miti iliyokufa ni kuuliza nusu ya swali, na nusu iliyobaki ni hii: miti hiyo ilikufa lini, na ipi itakayoifuata?

Sasa tutazame ni kwa nini riziki hiyo iliadimika. Misitu ya Ulaya ya kati iliingia katika utawala wa hesabu mapema. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, aliyekuwa na hofu kwamba tanuri za kuyeyushia madini zitakosa mkaa, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba kisikatwe zaidi ya kile kinachoota. Ni fundisho la hekima, na dunia ingali inalihitaji; lakini katika daftari la msitu uliopimwa na kupandwa kwa safu, mti uliokufa ukiwa umesimama ulikuwa na sura mbili tu, nazo ni mali inayopotea na maradhi yanayongoja kuenea, na kwa sura zote mbili ulipaswa kuondolewa upesi. Usafi wa msitu ukawa ndiyo heshima ya msimamizi wake.

Na pale ambapo tajiri hakuuondoa, maskini aliuondoa, naye alikuwa na udhuru mzuri zaidi. Kuni zilizoanguka zilikuwa moto wa jikoni na joto la nyumbani kwa mamilioni ya watu wasiokuwa na shamba. Na wenye misitu walipotaka kuwanyang'anya hata hizo, baraza la jimbo la Rhein likajadili sheria ya kuhesabu uokotaji wa kuni kuwa wizi, jambo lililomfanya Karl Marx, aliyekuwa kijana mwandishi wa gazeti katika mji wa Köln, aandike mwaka 1842 makala ndefu ya kuwatetea waokotaji. Nalitaja hili kwa sababu watetezi wa mbawakawa, katika ghera yao, huandika wakati mwingine kana kwamba kila aliyebeba tawi kavu msituni alikuwa adui wa maumbile. Hakuwa. Alikuwa na baridi. Baina ya mwenye mali na mwenye njaa mti mkavu haukupata nafasi ya kukaa, na hasara iliyotokea ilitokea pasipo kukusudiwa na mtu.

Hasara yenyewe ni kubwa. Katika nchi ya Ufini, ambako hesabu imefanywa kwa uangalifu, viumbe 4,000 hadi 5,000, yaani baina ya sehemu ya tano na sehemu ya nne ya viumbe wote wa misituni, hutegemea mti uliokufa au unaokufa katika sehemu fulani ya maisha yao. Mwingereza Charles Elton, mmoja wa waasisi wa ikolojia, alikwisha onya katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba kuufagia msitu magogo yake ni kuufukarisha wanyama wake. Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulipotoa mwaka 2010 orodha ya kwanza ya hali ya mbawakawa wa miti iliyokufa barani Ulaya, ulipima jamii 436 na kuona 46 ziko hatarini. Orodha ya mwaka 2018 ilipima jamii 693, na karibu sehemu moja ya tano ya zile zilizoweza kuamuliwa zikaonekana hatarini. Mbawakawa wetu mwekundu, katika orodha ya 2010, aliwekwa miongoni mwa wanaokaribia hatari.

Mahali ambapo mgongano wa fikra hizi mbili, ya msitu safi na ya msitu unaoachwa kufa na kuzaliwa, ulifika kilele chake ni Białowieża, msitu mkongwe ulio katika mpaka wa Poland na Belarus, ambao sehemu ya upande wake wa Poland iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Walimwengu wanaujua kwa ajili ya nyati wake wa Ulaya, waliotoweka msituni humo mwaka 1919 wakarudishwa kwa jitihada za miaka mingi. Na ni haki nyati kupendwa, lakini nyati anaweza kulishwa katika ua na kuzalishwa kwa mpango, ilhali wale wa chini ya gome hawawezi. Hifadhi ya taifa yenyewe ni sehemu ndogo ya msitu huo upande wa Poland. Nje ya mipaka yake mabwana misitu waliendelea na kazi zao za kawaida.

Katika miaka ya 2010 mbawakawa mwingine, Ips typographus, mdogo wa mviringo atoboaye magome ya misprusi, aliongezeka kwa kasi akaua miti kwa wingi. Mwezi wa Machi 2016 waziri wa mazingira wa Poland, Jan Szyszko, aliidhinisha mpango wa ukataji katika wilaya moja ya msitu huo uongezwe kutoka mita za ujazo 63,471 hadi 188,000. Hoja za serikali zilistahili kusikilizwa: kwamba mdudu akiachwa atamaliza misprusi, na kwamba magogo makavu yangeweza kuwaangukia wapita njia. Hoja ya pili ni ya kweli kandokando ya barabara na njia za watalii. Ile ya kwanza ina kasoro ambayo kila mtaalamu wa wadudu anaijua, kwamba mti ukishakuwa mkavu Ips amekwisha uhama na kwenda kwenye ulio hai, hivyo kuukata mti mkavu hakumzuii mdudu aliyeondoka, bali humfukuza yule anayekuja baada yake. Na wanaokuja baada yake ndio akina Cucujus, na vigong'ota wanaokula mabuu, na bundi wadogo wanaolala katika matundu ya vigong'ota.

Tume ya Ulaya ilishtaki. Mashine ziliendelea kukata hata baada ya amri ya muda ya Julai 2017, na tarehe 20 Novemba mwaka huo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaonya kwamba nchi hiyo ingeweza kutozwa faini isiyopungua euro 100,000 kwa kila siku ya uasi. Hukumu ilitolewa tarehe 17 Aprili 2018, katika kesi nambari C-441/17, nayo ilitamka kwamba Poland ilivunja wajibu wake, kwa kuwa haikujihakikishia kabla ya kukata kwamba ukataji hautadhuru msitu uliolindwa, na kwa kuwa kuiondoa miti mikavu kulikuwa ni kuharibu mazalio ya mbawakawa wanne waliotajwa: Buprestis splendens, Cucujus cinnaberinus, Phryganophilus ruficollis na Pytho kolwensis. Sijui hukumu nyingine iliyoeleza kwa uwazi namna hii kwamba mti uliokufa ni nyumba ya mtu mwingine, nayo imewapa wenye kuhifadhi hujja yenye nguvu katika kila nchi ya Umoja huo.

Bavaria, huko Ujerumani, ilikuwa imekwisha pita kabla njia ya kuiacha miti iliyokufa mahali pake. Tufani ya mwaka 1983 ilipoangusha miti mingi katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa huko mwaka 1970, waziri Hans Eisenmann aliamua magogo yaachwe yalale. Ips akaja, na katika miaka ya 1990 maelfu ya hekta za misprusi zikafa zikiwa zimesimama, na wenyeji wakaghadhibika kuona milima yao imekuwa ya kijivu. Msitu mpya umeota chini ya ile mizoga bila kupandwa na mkono wa mtu.

Na hapa ndipo habari inapopinduka kwa namna ambayo wapenda misitu mikongwe hawakuitazamia. Wakati sheria ya 1992 inaandikwa, mbawakawa mwekundu alidhaniwa kuwa masalio ya misitu isiyoguswa, kwa sababu alionekana mara chache na mahali pa mbali. Baadaye watafiti waliacha kumngoja mkubwa atoke nje, wakaanza kutafuta buu kwa kuinua vipande vya gome, nao wakampata pengi: katika mabonde ya Danube na vijito vyake, kandokando ya mto Dalälven huko Uswidi katika mipopla ya asili ya kaskazini, na, jambo la ajabu zaidi, katika mashamba ya mipopla ya chotara iliyopandwa na watu Ucheki, Austria na Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Pili, ambayo sasa imezeeka na kufa. (Njia hiyo ya kutafuta ina madhara yake, kwa maana kila gome lililobanduliwa ni nyumba iliyobomolewa; kwa hiyo mtafiti mwaminifu hubandua sehemu ndogo tu na kuacha iliyobaki.) Katika Bavaria na nchi jirani ameonekana akiendelea kupanua eneo lake.

Wako waliofanya haraka kusema kwamba, ikiwa anaishi katika mashamba ya mipopla, basi hakuna haja ya msitu mkongwe wala ya ulinzi. Hitimisho hilo halifuati. Mipopla ile ilipandwa karibu kwa wakati mmoja, itakufa karibu kwa wakati mmoja, na mingi inakatwa sasa kwa hofu ya matawi kuanguka njiani. Neema hiyo ni ya kizazi kimoja cha miti. Mipopla na mierebi ya asili huota juu ya changarawe tupu iliyoachwa na gharika, na mito ya Ulaya ya kati imefungwa kwa kuta na mabwawa, hata gharika hazifiki tena mahali pa kuoteshea. Pale ambapo mto hauruhusiwi kutoka kingoni mwake, mpopla uliokufa leo hauachi mrithi.

Fauka ya hayo, tumtazame jirani yake katika hukumu ile, Pytho kolwensis, ambaye naye buu lake ni bapa na huishi chini ya gome la msprusi ulioanguka katika misitu yenye majimaji. Kwa macho ya sheria hawa wawili wana hadhi moja. Kwa maisha yao wametofautiana pakubwa: Cucujus huhama, huukuta mpopla wa mtu shambani akauridhia, ilhali Pytho amebaki katika vipande vichache vya msitu ambamo miti imekuwa ikianguka na kuoza mfululizo, mahali pale pale, kwa karne nyingi, na mfululizo huo ukikatika hapo hana pa kutokea arudi. Mafanikio ya yule wa kwanza hayawezi kufanywa ruhusa ya kumnyima wa pili msitu wake, na mwenye kupanga hifadhi kwa kumtazama Cucujus peke yake atajiona amefaulu huku akipoteza kilicho adimu zaidi.

Nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kila miaka sita kutoa taarifa ya hali ya kila kiumbe kilichoandikwa katika Agizo, na taarifa hizo hueleza kilipoonekana na kama eneo lake limepanuka au limepungua. Rai yangu ni kwamba kwa viumbe wa chini ya gome taarifa hiyo iongezewe safu ya pili, ya miti: iliyokufa ndani ya miaka mitano, inayodhoofika sasa, iliyo hai na mikongwe itakayokufa katika miongo miwili ijayo, na mahali ambapo miche ya mipopla, mierebi na misprusi inaota bila kupandwa. Ulazimike ukataji kwa ajili ya usalama wa barabara, basi gogo liachwe karibu, kivulini, na gome lake juu yake, kwa kuwa mbawakawa mwekundu hulikubali gogo lililolala sawasawa na lililosimama, na gharama ya kuliacha ni ndogo kuliko ya kulibeba.

Kwa misitu kama Białowieża haitoshi kuacha magogo kando ya njia. Huko kinachotakiwa ni kwamba mipaka ya hifadhi ya taifa ipanuliwe ifike kwenye misprusi iliyo nje yake, hukumu ya 2018 isibaki kuwa katazo la ukataji wa mwaka mmoja, na Ips typographus aachwe amalize kazi yake bila shoka kumfuata nyuma.